Msaragambo wa Insha

Baragumu la pembe lililia alfajiri, mlio mmoja mrefu na mzito, ukapanda bonde hadi bonde kama ng'ombe aliyeachwa nyuma akiwaita wenzake. Yudith Mbwambo alikuwa mtoto wakati huo, kule Gonja milimani, na mpaka leo ukimwuliza utoto wake ulikuwaje, atakuanzia hapo. Mlio ule ukisikika, kila nyumba ilitoa mtu, na kila mtu alitoka na kitu mkononi: jembe, panga, sururu, karai, hata mwiko, maana wengine walikwenda kupika. Huo ndio msaragambo, kazi ya wote, leo kuzibua mfereji, kesho kulima shamba la mgonjwa, siku nyingine kupandisha mbao za kanisa mlimani.

Kilichomshangaza Yudith ni kwamba watu wakifika kwenye shamba la mtu, hawasemi neno juu ya shamba lenyewe. Wanalitazama, wanatemea mate viganjani, wanaanzia pale palipo na magugu mengi.

"Mama, mbona hawamcheki?" aliuliza siku moja. "Magugu yote haya!"

"Watacheka nini," mama yake akajibu bila kuinua kichwa, "na Ijumaa wanakuja kwetu?"

Sasa Yudith ana mvi, na anafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari iliyo juu ya mji wa Same, mahali ambapo mlima unaacha kuwa mkali na kuwa mpole kidogo. Kutoka dirisha la darasa la Kidato cha Tatu unaiona tambarare yote chini, ya manjano, imelala mpaka vilima vya Mkomazi, na barabara kuu ikipita katikati kama uzi ulioanguka kutoka kwenye cherehani. Upepo wa Same haubishi hodi. Unaingia darasani, unafungua madaftari, unasoma insha za watu kabla ya mwalimu.

Ni mwanamke mfupi, mwendo wake wa haraka, na anapocheka kicheko kinaanzia mabegani. Mabega yanatikisika kwanza, sauti inafuata baadaye. Mumewe, Gideoni, analima tangawizi na huwasimulia wageni kwamba kuishi na mwalimu wa insha ni kazi.

"Hata sala ya chakula," husema, "nikimaliza ananiuliza, 'Hapo kwenye kushukuru, ulikuwa unashukuru nini hasa?'"

"Na ulikuwa unashukuru nini?" Yudith humchokoza.

"Nimekwambia, mgeni. Umeona?"

Miaka yake ya kwanza ya kazi alifundisha insha ya hoja kama alivyofundishwa yeye. Alitoa mada, akakusanya madaftari, akayarudisha yamejaa wino mwekundu. Wanafunzi waliangalia alama tu. Waliopata nyingi walifurahi, waliopata chache walifunga daftari, na wekundu ule wote ukabaki humo ndani bila kusomwa na mtu. Siku moja aliamua kuwaambia, "Rekebisheni, mlete tena." Wakaleta. Insha zilikuwa zilezile, neno kwa neno, ila mwandiko sasa ulikuwa mzuri mno, vichwa vimepigiwa mstari kwa rula, na msichana mmoja alikuwa amechora maua pembezoni.

Yudith alizirudia zile insha chini ya mti wa mparachichi wa nyumbani kwake, akaona kwamba watoto hawakuwa wavivu. Kunakili kurasa zote zile upya ni kazi. Hawakujua tu kwamba insha inalimwa. Walidhani inapakwa rangi.

Ndipo alipokumbuka watu wenye majembe.

Alhamisi iliyofuata alichukua insha moja, akaiandika ubaoni, akasema leo kuna msaragambo kwa fulani. Sheria zilikuwa chache. Mwenye insha anakaa mbele, hajitetei. Hakuna anayeruhusiwa kusema nzuri wala mbaya. Kila mmoja aje na jembe lake, na jembe ni swali moja la kweli, swali ambalo hujui jibu lake. Na kwa kuwa mwenye shamba huwapa watu chochote cha kutia mdomoni, mwenye insha alete miwa.

Mwanzoni watoto waliogopa kuitwa mbele. Muhula ulipoisha walikuwa wanagombania. Mwalimu wa hesabu wa darasa la jirani alilalamika ofisini kwamba kila Alhamisi anafundisha aljebra huku akisikiliza watu wakitafuna.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokwenda miaka yote, mpaka mwaka huu ilipotokea habari ya kizibo.

Juu ya shule kuna ndiva, bwawa dogo lililochimbwa na mababu na kujengewa ukingo wa mawe na udongo. Kijito kinaijaza usiku kucha, asubuhi inafunguliwa mdomo, na maji yanashuka kwa mifongo, mifereji ya udongo, kwenda kwenye shamba la yule mwenye zamu siku hiyo. Jioni mdomo unazibwa kwa kizibo cha gogo, nyasi na udongo, ili usiku ijae tena kwa ajili ya mwenye zamu ya kesho. Shule ilikuwa na zamu yake. Maji hayo yalinywesha bustani ya kabichi na figiri, mboga zilishuka sokoni Same, na kutoka sokoni yalipanda mahindi na maharage. Bila bustani hakuna makande ya mchana, na bila makande wapo watoto ambao wangekaa na chai ya asubuhi tumboni mpaka jioni.

Mmoja wao ni Nailantei. Kwao ni tambarare, kwenye maboma ya wafugaji, lakini kwa ajili ya shule anaishi kwa mama yake mdogo pale mlima unapoanzia, na kila asubuhi anaupanda kwa miguu. Ni mrefu, mkimya, na ana tabia ya kukutazama muda kidogo kabla ya kukujibu, ukadhani hajasikia. Aliwahi kumwambia Yudith waziwazi, "Mwalimu, makande yakikatika, mimi sitaweza huu mlima." Wala hakulalamika. Alikuwa anatoa hoja.

Basi, mwezi wa Agosti, jua kali, jioni ya zamu ya shule, Lukasi na wenzake walikabidhiwa kuziba mdomo wa ndiva. Lukasi ndiye mchekeshaji wa darasa na ndiye mwenye mwandiko bora kuliko wote. Alizitazama kabichi, akazionea huruma.

"Tuache upenyo kidogo," akasema. "Zilale zikinywa."

Asubuhi ndiva ilikuwa na tope na vyura. Mama Devotha, ambaye zamu ilikuwa yake, alisimama na jembe begani kando ya mfongo mkavu. Maharage yake yalikuwa yametoa maua, na maharage yenye maua hayasubiri. Maua yalianguka.

Kamati ya ndiva haikupiga kelele. Mwenyekiti wake, Mzee Zephania, alipita shuleni akiwa na fimbo yake, akasalimia, akakubali kiti, akaulizia afya za watu wote, kisha akasema kwamba zamu ya shule imeondolewa. Kama shule ina neno, kikao ni Jumamosi ya wiki ijayo, pale pale ukingoni.

Mkuu wa shule, Mwalimu Clemence, alitafuta kalamu hata kabla mzee hajafika getini.

"Nitaandika barua," akasema. "Nitaigonga muhuri."

"Muhuri haujibu maswali, mkuu," Yudith akamwambia.

"Na nani anajibu?"

"Kidato cha Tatu."

Mwalimu Clemence alimtazama juu ya miwani. "Mwalimu Yudith, hiki ni chakula cha watoto. Siyo zoezi la darasani."

"Ndiyo maana nataka waandike wao. Wao ndio wanaokula, na wao ndio walioacha upenyo."

Mkuu akaizungusha kalamu. "Wakikosa," akasema mwishowe, "utawaambia wewe."

"Nitawaambia mimi."

Rasimu ya kwanza aliiandika Lukasi kwa niaba ya darasa, na ilipendeza kuitazama. Ilianza hivi: *Ndugu mwenyekiti, wazee wetu watukufu, nguzo imara za milima yetu, mama zetu wapendwa, tunawasalimu kwa salamu nyingi kama nyota.* Ikaendelea kuulizia mvua, mifugo, mazao na afya ya mgonjwa mmoja aliyekwishapona mwaka juzi. Ikasema maji ni uhai. Ikasema tangu enzi na enzi binadamu amehitaji maji. Neno la kuomba lilikuwa kwenye mstari wa mwisho kabisa, limejikunyata, kama mtu aliyekuja kuazima chumvi akaona aibu akaaga bila kuiomba.

Yudith hakushangaa. Watoto wa milimani wamelelewa hivyo. Huwezi kumwomba mtu mzima kitu mlangoni. Unaingia, unakaa, unamaliza habari za ukoo mzima, na ombi linatoka unapoinuka kuondoka. Nyumbani ni adabu. Ubaoni, asubuhi hiyo, lilikuwa gugu.

"Leo msaragambo ni kwa nani?" akauliza.

"Kwa wote!" darasa likajibu, na Lukasi akainua fungu la miwa kama mtu anayeonyesha samaki aliyemvua.

Maswali yakaanza kushuka.

"Nguzo za milima, wanashikilia nini?"

"Mzee Zephania ni mtukufu tangu lini? Juzi alimfukuza mbuzi wetu kwa fimbo."

"Nani hajui kwamba maji ni uhai? Tunamwambia nani?"

"Tunaomba nini?"

"Tukipewa, nani anakosa?"

Lukasi alikaa mbele amefumba mdomo kwa mkono, kwa kuwa sheria ilimkataza kujitetea na mwili wake wote ulitaka. Swali moja likija anarukaruka kwenye kiti, jingine anashika kichwa. Yudith alikaa dawati la nyuma, anatafuna muwa, mabega yanatikisika.

Rasimu ya pili ikawa fupi. Salamu zilibaki mstari mmoja, na ombi likapanda juu. Ya tatu ikaeleza bustani inalisha nani na vipi. Walishuka bustanini, wakaenda mpaka mwisho wa mfongo, wakahesabu mashamba ya wanaotegemea maji yaleyale. Darasa lilianza kujiona limeshinda. Lukasi alitangaza kwamba hii sasa inaweza kupelekwa hata bungeni.

Siku hiyo Yudith alitoka nyuma, akaweka kiti katikati ya darasa, akajifunga khanga kichwani na kukaa.

"Mimi ni Mama Devotha," akasema. "Nisomeeni."

Wakamsomea. Walisoma vizuri, kwa zamu, sauti zimejaa. Walipomaliza, Mama Devotha wa kiti kile aliwatazama mmoja mmoja. Upepo ulifungua daftari la mtu likajifunga tena.

"Maharage yangu yako wapi?" akauliza.

Lukasi aliacha kutafuna.

Katika rasimu zote hakuna aliyeandika kuhusu kizibo. Mashamba yalikuwemo, mahindi yalikuwemo, hata vyura walikuwemo mahali fulani, lakini siku ile haikuwemo.

"Mwalimu," Lukasi akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko kawaida, "ukiitaja mwenyewe si umejifunga kamba?"

"Mimi siyo mwalimu. Mimi ni Mama Devotha."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Maharage yangu."

Darasa likacheka kidogo, kicheko cha watu wenye hofu. Kisha Nailantei, aliyekuwa kimya wiki nzima, akainua mkono. Akatazama mbele muda kidogo, kama kawaida yake.

"Kwetu, kisimani," akasema, "ng'ombe wako akikimbia akanywa kwenye zamu ya mtu, wewe unasema kwanza. Unamfuata mwenye zamu, unamwambia, ng'ombe wangu amekunywa maji yako. Kabla hajafungua mdomo. Akishafungua mdomo, umechelewa. Hata ukisema kweli, inaonekana umekamatwa."

"Lakini watajua!" Lukasi akasema.

"Wanajua, Lukasi," Nailantei akamjibu. "Wazee wanajua, vyura wanajua. Anayeficha ni wewe peke yako."

Hapo darasa lilicheka kweli, na Lukasi naye akacheka, akainamisha kichwa, akaenda ubaoni. Alifuta mstari wa kwanza, ule wa salamu zilizobaki. Akaandika: *Kizibo kiliachwa wazi.*

"Na nani?" sauti ya nyuma ikauliza.

Akafuta. Akasimama na chaki mkononi. Kisha akaandika kwa ule mwandiko wake mzuri: *Tuliacha kizibo wazi, na maharage ya Mama Devotha yakapukutisha maua.* Akageuka kulitazama darasa, na hakuna aliyeuliza swali. Yudith alivua khanga kichwani, akatoka nje kidogo kutazama tambarare, kwa sababu alikuwa na furaha na hakutaka waione mapema.

Baada ya mstari huo insha ilijiandika upya yenyewe. Ukishasema umeharibu, huwezi kuomba kama mtu ambaye hakuharibu. Wakapunguza ombi: waliomba asubuhi tu, mchana maji yaende kwa Mama Devotha mpaka maharage atakayopanda upya yakomae. Wakaongeza kazi: kabla ya vuli darasa lote lingeingia ndivani kuzoa tope. Kuhusu kizibo, wawili wangekiziba na mtu mzima akague. Lukasi mwenyewe aliongeza aya kwamba atampalilia mama shamba, na darasa likampigia makofi kwa kujipa adhabu kwa mwandiko mzuri.

Jumamosi ilikuwa na ukungu asubuhi, ukapanda polepole kama pazia. Watu walikaa kwenye majani ya ukingo, wazee upande mmoja, akina mama upande mwingine na majembe yao, maana wangetoka pale kwenda shambani. Yudith alikaa kati ya akina mama, mikono chini ya khanga. Alikuwa amewaambia wanafunzi, "Pale sina mdomo," na kwao hilo lilikuwa jambo la kutisha kuliko wazee wote.

Nailantei alisimama na karatasi.

"Huyu ni wa tambarare," mzee mmoja akanong'ona kwa sauti ya kusikika mlima mzima. "Atajua nini habari za ndiva?"

"Shikamoo babu," Nailantei akasema.

"Marahaba."

"Ni kweli, mimi ni wa tambarare. Ndiva siijui vizuri. Makande yake nayajua sana."

Kicheko kilianzia kwa akina mama kikavuka upande wa pili. Mzee akakuna kidevu, akaonekana kuridhika kwa kujibiwa.

Nailantei akasoma. Aliposoma mstari wa kwanza, kicheko kilikatika, na vichwa viligeuka kumtazama Mama Devotha. Mama Devotha alikuwa akichuma majani ya ukingoni na kuyatupa, hakuinua macho. Lakini aliacha kuyachuma. Nailantei aliendelea bila haraka, akataja wanaokula, akataja mashamba ya mfongo, akataja asubuhi na mchana, tope, kizibo. Alipomaliza alikunja karatasi. Mwalimu Clemence, aliyesimama nyuma na muhuri mfukoni endapo utahitajika, akashusha pumzi.

Ndipo Mama Devotha akasimama.

"Nimewasikia," akasema. "Mmesema vizuri, na nashukuru mmeanza na yale yangu. Sasa nami nina swali. Shule ikifungwa je? Mnakwenda makwenu, huyu anakwenda tambarare, yule anakwenda kwa bibi yake Usangi. Kabichi hazifungi shule. Asubuhi ya zamu yenu nani anafungua, na jioni nani anaziba? Au tena maji yalale wazi?"

Watu wakasema, "Ehee!" wakageuka upande wa watoto.

Nailantei alifungua karatasi, akaitazama. Jibu halikuwemo. Alimtazama Lukasi, Lukasi akatazama viatu vyake. Darasa zima likamgeukia Yudith, na Yudith akayatazama maji. Chini ya khanga vidole vyake vilikuwa vimeshikana kwa nguvu. Jibu alikuwa nalo. Alikuwa na majibu matatu, na kila moja lilimwasha ulimi. Mbele yake kulikuwa na chakula cha mwaka mzima cha watoto wale, na mtoto mmoja ambaye asingeuweza mlima.

Muda ukapita. Mzee Zephania akaisogeza fimbo yake, kama mtu anayejiandaa kufunga shauri.

"Mwenyekiti," Lukasi akasema ghafla, "tunaomba ruhusa twende pembeni."

"Kufanya nini? Kujisaidia?"

Watu wakaangua kicheko. Lukasi akangoja kiishe.

"Kurekebisha."

"Kurekebisha nini? Si mmeshasema?"

"Tumesema, babu. Ila hapo pa likizo tumesema vibaya. Hatukusema kabisa. Mama ana haki."

Mzee Zephania aliwatazama wajumbe wake, wajumbe wakatazamana. Hakuna aliyekumbuka kitu kama hicho. Katika vikao vya pale mtu akishasimama na kusema, amesema. Ukimwonyesha kosa anapandisha sauti, au anakumbusha kosa lako.

"Nendeni," akasema. "Msichelewe, jua linapanda."

Wakakimbilia nyuma ya ukingo, wote, kama kuku walioitwa. Kutoka ukingoni hawakuonekana, lakini walisikika. Ilisikika sauti ya Lukasi ikipendekeza kitu, sauti nyingine ikiuliza, "Kwa nini?" Ikasikika, "Nani anakosa?" Ikasikika, "Siyo jibu hilo!" Ikasikika, "Futa! Futa!" Wazee walinyoosha shingo. Yule babu aliyenong'ona aliinuka kabisa akaenda kuchungulia, akarudi, akakaa taratibu.

"Wanagombana," akatoa taarifa.

"Wanagombania nini?" akaulizwa.

"Sijui, lakini wanagombana vizuri."

Waliporudi, karatasi ilikuwa na mikunjo, na nusu ya ukurasa ilikuwa imekatwa kwa mistari. Mwandiko ule mzuri ulikuwa umekanyagwa. Nailantei akaisogeza karibu na macho ili aweze kusoma palipoandikwa pembezoni.

"Tumefuta pale tulipoomba mwaka mzima," akasema. "Tunaomba siku za masomo tu. Shule ikifungwa, zamu yetu inarudi kwa watu wa mfongo huu, na Mama Devotha ndiye anaanza. Kabichi tutazipanda mapema ili tuzivune kabla ya kufunga. Zikichelewa, zitakauka, na hasara ni yetu." Akaishusha karatasi. "Kuna mtu alipendekeza tumwombe mlinzi wa shule azibe. Tumelikataa. Mlinzi naye ana kwao."

Mzee Zephania akaanza kucheka, kicheko kikavu cha mzee, akalishika goti lake.

"Tangu nianze kukaa kwenye kikao hiki," akasema, "sijamwona mtu akiomba ruhusa ya kubadili mawazo. Huwa tunayabadili usingizini, asubuhi tunakana."

"Semea nafsi yako, mwenyekiti," babu mwingine akamrushia, na ukingo mzima ukacheka.

Macho yakarudi kwa Mama Devotha. Alikuwa bado amesimama, jembe mbele yake, mikono miwili juu ya mpini. Alimtazama Nailantei, akaitazama ile karatasi iliyochafuka.

"Wapeni," akasema. Halafu, kabla shangwe haijaanza, akanyoosha kidole. "Na huyu wa kizibo aje kwangu kupalilia."

"Nimeshaandika, mama!" Lukasi akasema. "Ipo, aya ya nne!"

"Aya sili mimi. Njoo na jembe."

Shangwe ikatoka kama maji yaliyofunguliwa. Kidato cha Tatu kilirukaruka ukingoni mpaka Mzee Zephania akapiga kelele kwamba watabomoa walichopewa. Mwalimu Clemence alipiga makofi akasahau kwamba alikuwa na wasiwasi, akamkumbatia mjumbe mmoja wa kamati ambaye walikuwa hawajuani. Lukasi alibebwa, akaangushwa, akabebwa tena. Nailantei alisimama palepale akiwa na karatasi kifuani, anatabasamu kwa ule uzito wake, mpaka wenzake wakamvuta naye akaingia katikati.

Mama Devotha alitupa jembe begani, akapita kwa akina mama akielekea shambani, akasimama mbele ya Yudith. Akainama kidogo ili asikike katikati ya kelele.

"Mwalimu," akasema, "ile ya kurudi nyuma mbele za watu, ukafuta ulichosema, mtoto unamfundishaje? Nina vijana nyumbani."

Yudith alikuwa ametoa mikono chini ya khanga. Aliwatazama watoto wake. Alipojibu, sauti yake ilikuwa ya chini mno, na Mama Devotha alilazimika kusogeza sikio.

"Ile sikuwafundisha mimi, dada."